Daftari la Wageni la Mama Ipogolo

Kabla ya kuandika chochote, shangazi yangu Yusta aliijaribu kalamu kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Mstari mmoja mfupi, karibu na kidole gumba. Hakujali kama kalamu ni mpya au kama alikuwa ameitumia dakika tano zilizopita. Nilimwona akifanya hivyo nilipokuwa darasa la tatu, na nilimwona akifanya hivyo mwaka jana, akiwa na miaka sitini na minne na mikono inayotetemeka. Hata kanisani, akinyoosha mkono kupokea chakula cha Bwana, kiganja chake kilikuwa na wino. Mume wake alipokuwa hai alikuwa akimtania kwamba siku ya kiyama malaika watamshika mkono wasome amepangisha vyumba vingapi.

Majina ya humu nimeyabadilisha, na lake pia. Miji nimeiacha ilivyo, kwa sababu bila Mbeya na Iringa habari hii haishikiki. Kampuni sitaitaja, wala idara, wala ile nchi ya nje. Walio jirani na mambo haya watajua ninamsema nani, na kila ninapofika mwisho wa sentensi nawafikiria wao.

Shangazi alizaliwa Ipogolo, chini ya kilima cha mji wa Iringa, pale barabara kuu inapopita na malori hayaishi. Akiwa na miaka kumi na saba alipata kazi kwenye hosteli ya kanisa, kufua mashuka na kuandika wageni. Mwaka wake wa kwanza alikuja mwanamume mmoja saa nane mchana, akasema hatalala, anataka tu kujinyoosha mgongo hadi basi lake lifike. Msimamizi alimwonea huruma, akampa chumba bila kumwandika. Jioni walimkuta amekufa. Mfukoni hakuwa na kitambulisho wala barua. Walimweka mochwari wiki tatu, redio ikamtangaza, hakuna aliyekuja, na mwishowe wachungaji wawili na wafua mashuka wanne wakamzika. Msalaba wake uliandikwa tarehe tu.

Tangu hapo shangazi alijiwekea kanuni ambayo hakuna mtu aliyeweza kumwachisha. Anayekunywa chai sebuleni ni mpita njia. Anayeingia chumbani na kufunga mlango, hata kwa robo saa, ni mgeni, na mgeni anaandikwa: jina, kabila, anakotoka, anakokwenda, shughuli, saini.

Aliolewa na fundi wa reli akahamia Mbeya. Kwa kiinua mgongo cha mumewe walijenga nyumba ya vyumba vinane maeneo ya Block T, wakaiita Ipogolo Lodge. Watu walimcheka, kwamba mtu hutoka Ipogolo aje mjini, halafu anaibandika Ipogolo ukutani. Yeye akaridhika, na jina likageuka kuwa lake: Mama Ipogolo. Mumewe alipofariki, aliendelea na lodge peke yake. Mashuka yake yalinukia sabuni ya mche, maji ya moto yalikuwepo saa kumi na moja alfajiri hata ule mwezi wa saba ambapo ukungu wa mlima Loleza unashuka hadi madirishani, na daftari lilikuwa juu ya meza ndogo ya mlangoni, limefungwa kwa uzi kwenye msumari lisichukuliwe.

Jirani yake alikuwa Mwanakhamisi, muuza vitenge ambaye ukoo wake ulitoka Tanga enzi za babu yake. Hao wawili waligombana kila siku na hawakuwahi kukosana. Siku moja Mwanakhamisi alimkuta shangazi akimsumbua mwalimu mmoja mstaafu aliyetaka chumba cha kubadilishia shati tu.

"Dada Yusta, iko siku utamwandika hata paka."

"Paka hafungi mlango," shangazi akamjibu, bila kuinua uso.

Mwaka 2018 alianza kuja kijana aliyeitwa Amos. Alikuwa mtaratibu, amevaa vizuri, mfanyakazi wa kampuni ya nje iliyotaka kuiuzia serikali mashine za kupimia dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Chunya. Alichukua chumba namba tano kila Ijumaa ya pili, mchana, akiwa na begi jeusi la kompyuta. Baada yake alifika mtu mnene, mcheshi, mwenye kicheko cha kujaza nyumba. Huyo nitamwita Bwana Rabson. Alikuwa mkubwa katika idara iliyokuwa na kauli juu ya ununuzi ule. Siku ya kwanza alitaka kupita moja kwa moja.

"Mama, mimi silali hapa. Nina maongezi ya nusu saa na huyu kijana."

"Mtafunga mlango?"

"Tutafunga, ndiyo."

"Basi nakuandika."

Bwana Rabson alicheka hadi akashika kiuno. Alisema mama huyu angepelekwa mpakani Tunduma, pasingepita hata kilo moja ya sukari ya magendo. Kisha, kwa kuwa alikuwa na raha siku ile, na kwa kuwa aliamini daftari la lodge ya vyumba vinane mwisho wake ni panya, akataja majina yake yote matatu. Anakotoka: ofisini. Anakokwenda: ofisini. Shughuli: maongezi. Akatia saini kubwa yenye mkia, kama wanavyosaini watu waliozoea barua zao kusubiriwa.

Alikuja mara kumi na moja. Kila mara aliandikwa, na kila mara shughuli ilikuwa maongezi. Amos aliingia na begi; Bwana Rabson akatoka nalo. Shangazi aliona, hakuuliza. Mizigo haikuwamo katika safu za daftari lake.

Mashine zilinunuliwa. Niliziona mwaka uliofuata nilipokwenda Chunya kusimamia walimu wanafunzi waliokuwa kwenye mazoezi, maana mimi ni mkufunzi wa chuo cha ualimu hapa Mbeya. Zilikuwa uwanjani chini ya turubai lililojaa vumbi, na wachimbaji walinieleza kwa kucheka kwamba zinapima kila kitu isipokuwa dhahabu. Sikuziunganisha na chumba namba tano. Kwa nini ningeziunganisha?

Wanasheria walikuja Julai ya 2021. Walikuwa wawili, mama mmoja wa kizungu mwenye mvi na kijana wa kupiga picha, na hawakutumwa na serikali yoyote. Walitumwa na kampuni ileile. Huko kwao wapelelezi walikuwa wameanza kuiuliza maswali juu ya hongo ilizotoa nchi za nje, nayo ikaona heri ijichunguze yenyewe kwanza, ipeleke majibu mkononi, ionekane imetubu. Amos alikuwa ameshawaeleza yote, na baadaye nilisikia kwamba kampuni ilimhamishia ofisi nyingine, mbali na hapa. Kilichobaki kilikuwa ushahidi wa kuunga mkono maneno yake. Amos aliwaambia kuna mama mmoja Mbeya anaandika kila mtu.

Shangazi aliniomba niende kutafsiri. Tuliketi sebuleni, nje baridi kali, mama mwanasheria ameikumbatia glasi ya chai ya tangawizi kwa mikono miwili. Alikuwa na adabu. Alifungua daftari kwa ncha za vidole, akapata jina la kwanza, la pili, la tatu, na nilimwona akipumua kama mtu aliyetua mzigo. Akaomba ruhusa ya kupiga picha kurasa zile.

Shangazi alinigeukia. Aliniambia, "Muulize hivi. Nikiwapa, na yule mkubwa akaja kujua, nani atasimama na mimi?"

Nikauliza. Mama mwanasheria alijibu kwa maneno mengi. Kwamba jina lake halitaandikwa popote. Kwamba wao wanaiwakilisha kampuni na hawawezi kumshauri mtu mwingine. Kwamba mengine yote yako mikononi mwa mamlaka za Tanzania. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha nyumbani, vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, na niliamini, kwa dhati kabisa, kwamba watu waliosafiri mbali hivyo kutafuta ukweli hawawezi kuuacha njiani. Nikamwambia shangazi, "Wanasema utalindwa."

Neno hilo mama mwanasheria hakulitamka. Nililitamka mimi.

Walipiga picha kurasa zote kumi na moja, wakashukuru, wakalipa chai. Daftari lenyewe walimwachia.

Miaka mitatu ilipita kimya. Mwaka 2024, mwezi wa tano, mwenzangu wa idara ya Kiingereza alinitumia habari kwa simu: kampuni ile imekubali kulipa faini kubwa kwao, na kwa malipo hayo shitaka linawekwa kando, ikikaa vizuri miaka mitatu litafutwa. Hakuna mtu atakayepanda kizimbani. Hati ya makubaliano ilikuwa wazi mtandaoni, mtu yeyote aifungue asome. Niliisoma chuoni, kwenye kompyuta ya maktaba. Bwana Rabson aliitwa Afisa wa Kwanza. Amos aliitwa Wakala wa Pili. Na ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa na aya iliyosema, kwa Kiingereza safi, kwamba kumbukumbu za mkono zilizotunzwa na mjane mmiliki wa nyumba ya wageni ya vyumba vinane mjini Mbeya zinathibitisha kuwa Afisa wa Kwanza alikutana na Wakala wa Pili mara kumi na moja.

Walitimiza ahadi yao. Jina lake halikuwemo. Lakini katika Mbeya yote kuna wajane wangapi wenye vyumba vinane wanaowaandika wageni wa nusu saa?

Nilikwenda kwake kwa miguu, ili nichelewe kufika. Nilimkuta anakunja mashuka. Nikamweleza taratibu, naye akaendelea kukunja.

"Wamemlipa nani?" akauliza.

"Serikali ya kwao, shangazi."

"Jambo limefanyika kwangu, namba tano, wamekwenda kulipa kwao?"

"Ndiyo."

"Na Bwana Rabson wamemtaja?"

"Hawakumtaja."

"Hawakumtaja kama wasivyonitaja mimi?"

Nikasema ndiyo. Akaliweka shuka juu ya mengine, akalilainisha kwa mkono. "Basi ameshajijua," akasema. "Na mimi ameshanijua."

Bwana Rabson wakati huo alikuwa Iringa. Alikuwa amepandishwa cheo, ana ofisi yenye geti na mlinzi. Hilo ndilo lililomtisha shangazi zaidi, kwamba yule mtu alikuwa amekaa nyumbani kwao, kwenye njia ya kwenda makaburi ya wazazi wake.

Nilimwandikia mama mwanasheria barua pepe. Nilieleza yote, nikaomba msaada, au ushauri tu. Jibu lilikuja siku ya tatu, mistari minne. Shauri limefungwa. Wanamshukuru shangazi kwa ushirikiano wake. Hawana nafasi ya kutoa ushauri. Wanamtakia heri. Nilimsomea shangazi, na safari hii nilitafsiri kila neno. Aliponiuliza lile la kulindwa limeandikwa wapi, nilimwambia kweli: kwamba halikuwahi kuwepo, nililiongeza mimi. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Nilimshauri apeleke daftari kwenye vyombo vinavyohusika na rushwa. Alisema atafikiri. Alisema hajui nani amekaa na nani kwenye meza zile, na mimi pia nikakubali moyoni kwamba sijui. Ndivyo hofu inavyofanya kazi. Haihitaji ujue kwamba ofisi fulani ni mbaya. Inatosha usiwe na uhakika.

Mambo yakaanza madogo madogo. Wakaguzi wa zimamoto walikuja, na wiki hiyohiyo wa afya, na wiki iliyofuata wengine ambao hawakusema wametoka wapi, wote wakiomba kuona madaftari ya zamani. Aliwaonyesha ya mwaka ule na mwaka uliotangulia, akasema ya nyuma yameliwa na mchwa. Simu ililia, akapokea, mtu akapumua, akakata. Gari jeupe lilisimama mbele ya duka la Mwanakhamisi siku tatu, na Mwanakhamisi, ambaye haogopi mtu, alikwenda kugonga kioo akawauliza kama wanataka vitenge au wanataka mchumba. Kioo hakikushuka. Alirudi dukani, na siku hiyo hakutania tena.

Kisha akaja mgeni mmoja, Alhamisi, saa kumi jioni. Mtu mzima, koti safi, sauti ya chini. Aliomba chumba namba tano. Shangazi akasema kina mtu. Akasema basi chochote, akaomba daftari aandike mwenyewe. Shangazi aliyasoma maandishi yale yakiwa yamegeuka juu chini, jinsi alivyozoea miaka arobaini na zaidi. Anakotoka: Iringa. Anakokwenda: bado. Shughuli: maongezi.

Hakuna maongezi yaliyofanyika. Alikula, akalala, akaamka, akalipa. Akiwa anaondoka aliligusa daftari kwa kidole kimoja. "Una mwandiko mzuri, mama," akasema. "Kitu kama hiki mtu anakitunza."

Tangu siku hiyo shangazi alilala kwa Mwanakhamisi, nyuma ya duka, kati ya marobota ya vitenge. Alikonda. Alianza kusahau sukari kwenye chai. Nikimtembelea alinikalisha mbali na dirisha.

Simu ya Iringa ilikuja mwezi wa tisa. Katibu muhtasi, sauti nzuri ya kike, akasema mkubwa anaomba mama afike ofisini Jumanne saa nne, na aje na yale mambo ya lodge. Nilimsihi asiende. Akasema ameshaliangalia jambo hili pande zote. Asipokwenda, watamfuata, na watamfuata saa wanayotaka wao. Akienda, atakwenda mchana, na watu wakiona.

Tulipanda basi Jumatatu, tukalala Ipogolo kwa wifi yake Marta. Njia nzima alitazama miti ya mbao ya Mafinga ikipita. Hakuwa na mfuko zaidi ya kibegi chake cha kanisani, na niliona wazi kwamba daftari halimo. Nilipomuuliza alisema, "Wewe tazama njia."

Asubuhi alivaa suti ya kitenge aliyoshonewa na umoja wa wanawake wa usharika. Getini tulimkuta mlinzi, mzee mmoja mpole, akatusalimu "Kamwene" kama watu wa kwetu, akasukuma kitabu cha wageni. Kila aliyewahi kuingia ofisi ya serikali anakifahamu kitabu hicho. Jina, unakotoka, unayekwenda kumwona, sababu, saa, saini. Na kila mtu anajua sababu huandikwaje: unaandika "binafsi" au unaandika "kikazi", unapita.

Shangazi aliijaribu kalamu kiganjani. Aliandika jina lake lote. Kwenye sababu aliandika herufi ndogo, zilizonyooka, na nafasi ilipokwisha akaendelea mstari wa chini, na wa chini yake. Nilisoma nikiwa begani kwake: Nimeitwa na Bwana Rabson kuhusu daftari la wageni la Ipogolo Lodge, Mbeya, chumba namba tano, mwaka 2018, mara kumi na moja. Daftari sikuja nalo.

Mlinzi alisoma, akasoma tena. "Mama, hapa huwa wanaandika binafsi tu."

"Niache niandike ilivyo, baba."

Nilinyoosha mkono nichukue kalamu niandike jina langu chini yake. Akanisukuma mkono, si kwa upole. Alimwambia mlinzi kwamba mimi siingii, nimemsindikiza tu, nitasubiri nje. Akapita geti. Nilimtazama akipanda ngazi tatu zile, mguu mmoja mmoja, akishikilia ukuta.

Niliketi kwenye benchi la mlinzi. Watu wengine walikuja wakaandika chini yake. Mmoja aliyasoma maneno ya shangazi, akanitazama, akaangalia pembeni. Baada ya kama nusu saa katibu muhtasi alishuka mbio, akakichukua kitabu, akapanda nacho. Nilihesabu madirisha ya jengo lile, nikajaribu kukisia lipi ni la Bwana Rabson, na nikajiuliza nitapiga kelele kwa nani likifungwa.

Yaliyotokea ndani nayajua kwa kinywa chake tu. Alisema Bwana Rabson alimpokea vizuri, akaagiza chai, ambayo hakuigusa. Alimuuliza habari za Mbeya, habari za biashara. Akasema kuna karatasi yake ya zamani angependa kuitunza mwenyewe, kwa sababu wazee wakifa vitu vyao hutupwa ovyo. Shangazi akasema hakuja nayo. Bwana Rabson akamwambia si neno, ila asisafiri sana, barabara hii ya Mafinga malori yake hayana breki, kila wiki watu wanakufa, na mtu wa umri wake hata kuvuka tu inampasa aangalie mara mbili. Aliyasema haya akitabasamu, akimsogezea biskuti.

Ndipo katibu akaingia na kitabu, ameshakifungua. Bwana Rabson akasoma. Kile kicheko cha namba tano hakikusikika.

"Umeandika nini kwenye kitabu cha serikali?"

"Nilichojia, mkubwa."

"Unajua hiki kitabu kinasomwa na nani?"

"Sijui. Ndiyo maana nimeandika vizuri."

Alikishika ukurasa kwa vidole viwili, shangazi akadhani atauchana. Lakini kurasa za kitabu kile zina namba, na chini ya mistari yake walikuwa wameshasaini watu wanne, mmoja wao kutoka ofisi ya mkaguzi. Aliuachia. Akakifunga kitabu polepole, akamrudishia katibu. Kisha akasimama, akamfungulia shangazi mlango kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Safari njema, mama."

Alipotoka nje hakunitambua mara moja. Alishika uzio. Nilimpa chupa ya maji akashindwa kuifungua, nikaifungua mimi, meno yake yakagonga plastiki. Mlinzi alitusimamishia bajaji bila kuombwa. Kule kwa Marta ndipo aliponieleza, akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni, karibu na moto, saa sita mchana. Alisema lile la malori halikumtisha sana, alilitegemea. Lililomwingia mifupani ni lile la safari njema.

Alikuwa ameshaamua. Hatarudi Mbeya. Funguo za lodge alinikabidhi nimpe Mwanakhamisi, apangishe au afunge, atakavyoona. Yeye atakwenda mahali. Marta anapajua, na wala sipaswi kumuuliza Marta.

Sasa imetimia miezi kumi na moja tangu siku hiyo. Simu yake haipatikani. Lodge imepangishwa mtu anayeweka mbolea, na kibao kimeshushwa. Bwana Rabson yuko palepale. Juzi nilimwona kwenye picha, amesimama katikati ya safu, anacheka. Kampuni nayo, nimesoma, inatimiza masharti yake vizuri, na imepata kazi nchi nyingine. Mwezi wa tatu mtu alikuja chuoni kwetu akaniuliza, kwa adabu sana, kama nina ndugu aliyekuwa na nyumba ya wageni. Nilisema nina ndugu wengi. Tangu hapo nabadilisha njia ya kurudi nyumbani. Nikimpigia Marta tunaongea habari za mahindi na mvua, na mara mojamoja, kabla ya kukata, anasema, "Wa kule wanakusalimu." Sijawahi kuuliza kule ni wapi.

Asubuhi ile ya mwisho alinisindikiza hadi barabarani, amejifunika khanga ya Marta kichwani. Malori yalikuwa yakipita, na kila lilipopita alinivuta nyuma hatua moja. Basi la Mbeya liliposimama, nilishindwa kujizuia. Nilimuuliza daftari liko wapi. Nilisema mtu mmoja zaidi lazima ajue, kwamba likibaki kwake peke yake ni hatari, kwamba mimi ndiye niliyemwingiza katika jambo hili na ni haki nibebe sehemu yangu. Kondakta alikuwa akigonga ubavu wa basi. Shangazi aliniweka mfuko wa maparachichi mkononi, akanishika kifundo cha mkono, akanisogelea hadi nikasikia pumzi yake.

"Wewe hujaandikwa popote, mwanangu," akasema. "Kaa hivyo hivyo."